Rosa Parks hakuwa bibi aliyechoka miguu

Hadithi tunayosimuliwa ni fupi na tamu: bibi mweusi katoka kazini kachoka, akakaa kiti cha Wazungu kwenye basi, akagoma kunyanyuka, Marekani ikabadilika. Ukiichambua, kinachobaki ni lile basi tu.

Bibi gani wa miaka 42? Ndio umri wa Rosa Parks jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 pale Montgomery, Alabama. Alikuwa fundi cherehani wa duka kubwa, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwili haukuchoka kuliko siku nyingine. Alichochoka nacho ni kunyenyekea.

Kiti nacho hakikuwa cha Wazungu. Chao ni viti 10 vya mbele. Rosa alikaa safu iliyofuata, ambako Weusi waliruhusiwa mradi Mzungu asikose nafasi. Akapanda Mzungu mmoja, akakosa. Mmoja tu! Dereva akawaamuru wote wanne wa safu ile wanyanyuke, maana Mweusi hakutakiwa kukaa safu moja na Mzungu. Watatu wakanyanyuka. Rosa akasogea dirishani, akagoma kunyanyuka, akakamatwa. Dereva huyo, James Blake, alikwisha kumshusha mwaka 1943 kwa sababu alipitia mlango wa mbele: Weusi walilipa nauli mbele, wakateremka, wakazunguka kupandia nyuma.

Wala haikuwa hasira ya ghafla. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na miezi michache kabla ya kukamatwa alihudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee.

Kilichonishangaza zaidi mimi ni Claudette Colvin, binti wa miaka 15 aliyekamatwa kwa kosa lilelile tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla. Viongozi walisita kumfanya sura ya harakati. Lakini kesi iliyofuta ubaguzi kwenye mabasi, Browder dhidi ya Gayle, yeye ni mmoja wa wanawake walioifungua, Rosa hayumo. Kesi ya Rosa ilimletea faini ya dola 10 na gharama za dola 4.

Kesho yake baada ya Rosa kukamatwa hakikubadilika kitu. Mgomo wa Weusi kutopanda mabasi ulianza tarehe 5 Desemba, baada ya Jo Ann Robinson, kiongozi wa chama cha wanawake Weusi mjini humo, kukesha akichapa maelfu ya vipeperushi, nao ukadumu siku 381. Katikati ya mgomo Rosa alipoteza kazi dukani, na mwaka 1957 akahamia Detroit.