"Amalize kwanza, tutaona nyuma"

Juma lililopita papa mmoja alitoka mtaa wa Katuba akaja kwangu na binti yake wa miaka 19. Binti ana ulemavu wa akili, na masomo yake yamefika mwisho. "Mwalimu, sasa afanye nini?" Nikamuuliza walianza lini kuliwaza swali hilo. Akajibu jibu lile lile ninalolisikia kila mwaka hapa Lubumbashi, kwa tajiri na kwa maskini: "Tulisema amalize kwanza, tutaona nyuma."

Wazazi wenzangu, hakuna dhana inayoniumiza kama hii. Nchini Marekani sheria ya elimu maalum, IDEA, inadai mpango wa maisha ya baada ya shule uwe umeandikwa mwanafunzi anapofikisha miaka 16. Sisi huku Kongo tuna miaka minne ya humanite, yaani ya mwisho ya sekondari, kabla ya mtihani wa Serikali. Anzeni mwaka wa kwanza. Mtoto asiyefika humanite, anzeni akiwa na miaka 13 au 14.

Sababu iko katika namna watoto hawa wanavyojifunza. Mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hauhamishi ujuzi kutoka mahali pamoja hadi pengine. Darasani anahesabu noti za franka bila kosa. Mpeleke soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, mbele ya mama muuza unga, noti zimechakaa, watu wanasukumana nyuma yake: anaduwaa. Hajasahau. Hesabu ya darasani na hesabu ya sokoni kwake ni vitu viwili, na ya sokoni hufundishwa sokoni.

Kijana mmoja nilimfundisha kupanda taksi-basi kutoka Kenya hadi mjini. Nilianzia mwisho wa safari. Siku za kwanza mimi nilifanya kila kitu, yeye nikamwachia neno moja tu la kumwambia reseveri, yule anayekusanya nauli: "Nashukia hapa." Alipolizoea, nikamwachia pia kulipa. Kisha kuchagua gari. Tulitumia majuma saba, kwa njia moja. Ongeza kupika bukari (ugali), kusoma saa, kupokea simu, kumwambia "sitaki" mtu anayemshikashika. Hayo yote utayaingiza wapi kama unangoja likizo ya mwisho?

Na mpango ukianza, mwenye maisha awepo na aseme. Namuuliza kijana, mama anajibu. Namgeukia kijana tena, papa anajibu. Kijana amekaa katikati kama mzigo unaopimwa. Ushauri wangu, na sichoki kuurudia: nunueni daftari dogo. Kila Jumapili andikeni jambo moja alilolifanya peke yake juma hilo na jambo moja alilolikataa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawaambia kumhusu mambo ambayo tathmini yoyote ya ofisini haiwezi kuyaona.

Mengine nayasema kwa ufupi.

Eti kiziwi ni fundi cherehani, na asiyetembea ni fundi viatu. Cherehani ni kazi ya heshima kwa anayeipenda. Lakini uziwi haufungi mikono wala akili. Kiziwi anaweza kuchomelea vyuma au kushika kompyuta. Mkienda kuuliza mafunzo INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, au kwenye karakana yoyote, nendeni naye. Tazameni kama kiti cha magurudumu kinapita mlangoni, na ulizeni nani atakayetafsiri lugha ya alama.

Eti kipofu akiomba msomaji au muda wa ziada kwenye mtihani anaomba huruma. Hapana! Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji yake, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imetungwa kulinda na kukuza haki zake. Ombeni mapema, kwa maandishi, mbaki na nakala.

Eti "nitamtunza mwenyewe." Mama, wewe una miaka 58, yeye ana 20. Kaeni sasa na kaka na dada zake, mwulizeni na yeye angependa kuishi na nani. Msingoje siku ya kilio ndipo ndugu waanze kusukumiana mtu.

Yule binti wa Katuba nilimuuliza anapenda kufanya nini. Papa akafungua kinywa. Nikamwomba kwa mkono angoje. Tulinyamaza muda mrefu, binti akivuta uzi wa kitenge chake. Kisha akasema, "Mikate." Papa akanitazama. Hakujua kwamba kila alfajiri binti yake huenda kwa jirani anayeoka, akasimama mlangoni kumwangalia akikanda. Jirani amekubali. Jumatatu tunaanzia mwisho wa kazi: kuitoa mikate iliyoiva na kuipanga kapuni.