Bolti kufunga hakuthibitishi kuwa mtutu mpya umekaa sawa

Hapa Tabora wenye bunduki za leseni huambiana: mtutu mpya ukishafungwa, ingiza risasi, bolti (chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma) ikifunga, kazi imekwisha. Si kweli, tena ni hatari. Bolti hufunga hata nafasi kati ya uso wake na bega la chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi; bega ni pale inapoanza kuwa nyembamba) ikizidi kiasi. Ukifyatua, ganda la risasi hutanuka, huweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto ikakurudia usoni.

Kipimo ni geji mbili, yaani vipande vya chuma vya urefu maalumu vinavyoingizwa kwenye chemba badala ya risasi. Kwa ya kwanza bolti ifunge, kwa ya pili igome, nawe unaisukuma kwa vidole viwili tu, bila kulazimisha. Geji za risasi aina ya .308 Winchester hupishana urefu kwa milimita 0.1 hivi, jicho haliioni. Risasi haifai kuwa kipimo, maana hata za kiwandani hutofautiana. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.