Ishara za mkono hufundishwa: dhana potofu kuhusu vifaa vya kuvaa vyenye projekta

Takriban kila mteja anayekuja kwetu Mjini Unguja kutaka tumsanifie kifaa cha kuvaa kifuani, chenye projekta ya kumulika maandishi kiganjani, hutuambia kwamba ishara za mkono ni jambo la maumbile na kwa hivyo mtumiaji hana haja ya kufundishwa. Nimeyasikia maneno hayo kwa wenye hoteli, kwa watembeza watalii na hata kwa wanafunzi wa kompyuta, na kila mradi unaojengwa juu yake hulazimika kuvunjwa na kuanzwa upya.

Mkono wa mtu hautulii. Tulipomvisha mtembeza watalii kifaa cha majaribio katika vichochoro vya Mji Mkongwe, alinyanyua mkono kuitikia salamu ya muuza kahawa, na ukurasa aliokuwa akiusoma ukafungika. Alipomwita mgeni aliyebaki nyuma kwa kukunja vidole, kiganja kikiwa kimeelekea chini kama tufanyavyo sote, ukafunguka ukurasa asioutaka. Kifaa kilikuwa kizima. Kamera yake iliona mkono ukisogea, lakini haikuwa na njia ya kujua kama mkono ule ulikuwa ukizungumza na binadamu au ukitoa amri. Mtafiti wa kompyuta Robert Jacob alilieleza tatizo hili tangu mwaka 1990 kwa kompyuta zinazofuata macho, ambapo kila kinachotazamwa hugeuka amri, akalipa jina la mfalme Midas, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu.

Tena ishara ya hewani haionekani mpaka mtu aoneshwe, tofauti na kitufe kilichochorwa kwenye skrini. Kifaa cha Ai Pin cha kampuni ya Humane, kilichoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2024 kwa dola 699, kilimtaka mtu ainamishe kiganja ili ahame kati ya machaguo, kisha abane kidole gumba na cha shahada ili akubali. Nani angeyabuni hayo peke yake? Ndiyo maana sichoki kushauri ishara tatu tu: ya kuamsha, ambayo isiwemo katika mazungumzo yetu ya kila siku, ya kuchagua na ya kughairi. Kila moja ijibiwe papo hapo kwa mwanga au mtetemo, kwa sababu hewa haimpi mtu hisia ya kugusa, na zote tatu zifundishwe mara kifaa kinapowashwa kwa mara ya kwanza.

Wengine hudhani kwamba projekta ikiongezwa nguvu itasomeka juani. Hesabu inakataa: lumeni 10 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) zikimulikwa kwenye sentimita 100 za mraba za kiganja hutoa laksi 1,000 (kipimo cha mwanga unaoangukia eneo), ilhali jua kali la mchana hufikia laksi 100,000. Forodhani usiku patafaa. Ufukweni Nungwi saa saba mchana hapatafaa, na nguvu zaidi humaliza betri, huleta joto na huhatarisha macho.

Wapo wanaoagiza maandishi meusi. Projekta huongeza mwanga tu, na nyeusi ni pale usipofika mwanga, kwa hivyo herufi lazima ziwe za kung'aa. Hofu ya kwamba ngozi zetu nyeusi hazitaonesha picha nayo haina msingi mkubwa, maana viganja vina melanini, yaani rangi inayoipa ngozi weusi, kidogo kwa watu wote. Linalohitaji kuzingatiwa khasa ni hina na piko, ambazo hufyonza mwanga na kukata herufi nyembamba.

Wala vifaa hivi si teknolojia ya jana. Pranav Mistry wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikionesha kifaa chake cha kuvaa chenye projekta, SixthSense, mwaka 2009, akiwa na vifuniko vya rangi vidoleni ili kamera imfuate, na OmniTouch ya mwaka 2011 iliweka projekta na kamera ya kupima umbali begani.

La mwisho ni kauli kwamba mkono wowote utafaa. Wasanifu wengi humulika kiganja cha kushoto ili wa kulia uwe huru kuchagua, nayo ni sawa mtu anapojisomea. Muuza duka wa Darajani anayemwonesha mteja bei hawezi kumnyooshea mkono wa kushoto bila ya kumvunjia heshima, kwa hivyo programu lazima iruhusu mikono kubadilishana kazi, na majaribio yafanywe kwa yote miwili kabla ya kifaa kukabidhiwa.