Injini za zamani zilikuwa rahisi kutengeneza, haimaanishi zilikuwa imara

Jamani hii ya "injini za zamani hazikuwa zinaharibika, hizi za kompyuta ni takataka" nimeisikia mpaka basi. Leo tena mtu kaniambia, na mfano aliotoa wa injini "isiyo na makompyuta" ni 4A-FE ya Toyota. Ndugu yangu, hiyo E ya mwisho maana yake ni EFI, mafuta yanapigwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme, kontrol boksi (kompyuta ya injini) ipo na sensa zipo. Unachokisifia ndicho hicho hicho unachokitukana.

Za zamani kweli ni za kabureta (inachanganya petroli na hewa bila kompyuta), platini (vidude vinavyokata na kuunga umeme wa cheche) na distribuita (inayogawa umeme huo kwa plagi). Nazipenda mpaka leo, unafungua boneti unaona mpaka chini, bisibisi na fila geji (kipimo cha mwanya) tu unarudi barabarani. Ila kwa nini kila dereva alijua kuzichokonoa? Kwa sababu zilikuwa zinakulazimisha! Platini zinalika, mwanya unabadilika, taimingi (wakati wa kupiga cheche) inahama, gari inakosa nguvu. Plagi zikifika kilomita 20,000 zimechoka, za iridiamu siku hizi zinagonga 100,000. Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 60 na 70 odomita yake ilikuwa na tarakimu tano tu, ikipita maili 99,999 inarudi sifuri. Na zile unazoziona bado zinatembea ni zilizopona, wenzake walishauzwa vyuma chakavu siku nyingi.

Kimojawapo cha vilivyoongeza umri wa injini ni hiyo hiyo kompyuta. Kabureta asubuhi ukivuta choki inamwaga petroli nyingi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasagika kavu. EFI inapima hewa inayoingia, sensa ya oksijeni inaonja moshi, mchanganyiko unarekebishwa muda wote ubaki karibu na 14.7 kwa 1, yaani uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1.

Sasa linaloniudhi hasa. Taa ya cheki injini inawaka, mashine ya kupima inasoma kodi ya hitilafu P0171, fundi anasema sensa ya oksijeni imekufa, inanunuliwa mpya, baada ya siku mbili taa ile ile, halafu lawama zote kwa "magari ya kisasa". P0171 inakwambia hewa imezidi mafuta upande wa kwanza wa injini, basi, haijakutajia kifaa cha kubadilisha, na sensa uliyoitupa pengine ndiyo iliyokuwa inasema ukweli. Kabla hujafungua hata nati moja angalia fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikiwa inanguruma tu hujakanyaga mafuta trimu iko juu, ukipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, hapo tafuta hozi iliyopasuka au gasketi ya manifoldi inayovuta hewa ya wizi. Ikiwa ni kinyume, inapanda kadiri unavyoipa mzigo, kaangalie filta na pampu ya mafuta, au ile sensa ya kupima hewa imejaa uchafu. Dakika tano tu hizo, na kabureta haikuwahi kukupa taarifa kama hizo, ulikuwa unanusa moshi na kukisia.

Lakini sitetei kila kipya. Injini zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinanitia wasiwasi, maana petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, kaboni inajijenga pale mpaka injini inaanza kukosa, yaani silinda nyingine haziwaki vizuri. Mkanda wa taimingi unaoogelea ndani ya oili siuelewi kabisa, ukianza kumomonyoka vipande vinaziba chujio la pampu ya oili na injini inakufa kwa kiu. Kudai kompyuta ya kiwandani ili kifaa kilichobadilishwa kikubalike kwenye gari, hapo mnaolalamika mna haki na mimi nalalamika nanyi. Na vitabu vinavyoruhusu oili ikae kilomita 15,000 au zaidi, kwenye injini ya tabo (yenye feni inayosukumiwa na moshi kuingiza hewa zaidi) mimi sithubutu, namwaga nusu ya hapo.