Mabaka kwenye kitako cha bunduki: maana yake na yanavyopakwa

Watu wengi wakiona bunduki ya kuwindia imepakwa mabaka wanajua tu kwamba imepakwa ifanane na majani, na ndo maana wengi wanaojipakia wenyewe nyumbani wanaweka vidoa vidogo vidogo vya rangi tano sita, kwa karibu inapendeza kweli lakini ukirudi nyuma hatua ishirini vidoa vyote vinaungana, unabaki na rangi moja kama ya tope na bunduki inaonekana bunduki vile vile. Kazi kubwa ya mabaka ni kuvunja umbo. Jicho linakamata kingo za kitu kabla halijakamata rangi yake, na porini ni nadra sana kukuta mstari mnyoofu wa mita moja umelala, sasa bunduki ndo mstari wenyewe huo, kwa hiyo hata ukiipaka kijani kile kile cha majani bado utaona mti mnyoofu wa kijani.

Hapo ndo baka linapoingia. Baka zuri ni kubwa kiasi, halina umbo la kueleweka, na muhimu kuliko yote linakata mstari wa kitako (ile sehemu ya mbao au plastiki inayobeba chuma cha bunduki na kuegemea begani) kwa mshazari halafu linapita ukingo linaendelea upande wa pili, yaani ukitazama kwa ubavu unaona kipande cheusi kinaishia hewani, kinafuata kipande cheupe cheupe, jicho linashindwa kuunganisha hivyo vipande kuwa kitu kimoja. Ukichora baka likafuata urefu wa kitako umeharibu, manake umeongezea mstari juu ya mstari. Na tofauti ya mwanga na giza kati ya baka na baka ina uzito kuliko wingi wa rangi, rangi tatu zinatosha kabisa: ya mchanga, ya kijani iliyofifia na kahawia nzito. Kitu kingine ni mng'ao, kitako kinachong'aa kinapiga mwanga wa jua kama kioo, kwa hiyo rangi zote ziwe zile zisizong'aa, hata ile ya wazi ya kufunikia mwisho.

Mambo haya yamekolea sana Marekani, kwa wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe. Kampuni mbili zinazojulikana zaidi kwa michoro ya mabaka ya uwindaji, Realtree ya Georgia na Mossy Oak ya Mississippi, zote zilianza 1986, na michoro yao ni kama picha za magome, matawi na majani makavu, tofauti na mabaka ya kijeshi. (Huku Tanzania raia kuvaa mabaka ya jeshi ni kosa, kwa hiyo aliye ughaibuni asibebe nguo hizo kuja nazo likizo akidhani ni fasheni tu.) Utashangaa kwamba wawindaji hao hao, kwenye majimbo mengi, sheria inawalazimisha kuvaa kizibao au kofia ya rangi ya machungwa inayowaka wakati wa msimu wa bunduki ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Haigongani na mabaka hata kidogo, kwa sababu kulungu hana uwezo wa kutofautisha nyekundu na rangi ya machungwa kama sisi, macho yake yana aina mbili tu za chembe za kuona rangi wakati yetu yana tatu, ila kwenye bluu anaona vizuri sana. Kwa hiyo kijani chenye ubluu ubluu ni kibaya kwako kuliko hiyo machungwa.

Sasa kwenye upakaji wenyewe. Kitako cha sintetiki kinaweza kuwa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, au faibaglasi, au plastiki laini jamii ya polipropilini, na hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Rangi inashika faibaglasi na nailoni bila shida sana, lakini polipropilini inakataa, inakauka vizuri halafu baada ya muda inabanduka kama ganda, hiyo lazima uanze na dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki au spirei iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Vyovyote vile kuna mafuta ya kiwandani yaliyobaki kutoka kwenye kalibu, kwa hiyo osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, piga msasa kidogo tu hadi mng'ao uishe, futa kwa spiriti, na baada ya hapo usikishike tena kwa mikono mitupu.

Kabla ya yote hayo hakikisha bunduki haina risasi, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole, halafu toa kitako kabisa kutoka kwenye mtutu na mitambo yake. Ndani ya kitako, pale chuma kinapokaa, ziba kwa tepu ya karatasi isiingie rangi, kwa sababu unene kidogo tu wa rangi pale unabadilisha chuma kinavyokaa na unaweza kuharibu shabaha. Mpira wa begani nao uzibe.

Njia ya kwanza ni makopo ya spirei. Unapuliza rangi nyepesi kwanza kitako kizima, kama sentimita 25 au 30 kutoka kwenye kitako, tabaka jembamba jembamba, ikikauka unalaza majani halisi au nyasi unapuliza rangi nzito juu yake kisha unayainua, pale palipokuwa na jani panabaki umbo la jani la rangi nyepesi lenye kingo kali upande mmoja na kingo zilizofifia upande mwingine. Mimi naipenda hii kuliko zote kwa sababu majani unayachuma kule kule unakowindia. Njia ya pili ni kuchovya kwenye maji: filamu nyembamba yenye mchoro inaelea juu ya maji ya uvuguvugu wa nyuzi 30 hivi, inalainika, inapuliziwa kemikali inayoyeyusha wino ukabaki unaelea, halafu kitako kinazamishwa taratibu kwa mshazari na wino unakikumbatia kila kona. Inatoka safi kama ya kiwandani lakini hiyo kemikali ni kali, inataka barakoa ya kuchuja mvuke, afadhali umpelekee fundi.

Baada ya hapo kuwa na subira, manake rangi kukauka mkononi ni saa chache lakini kukomaa mpaka ndani ni siku kadhaa, na kabla haijakomaa mafuta ya kusafishia bunduki yanaitoa. Dawa za mbu zenye DEET ndo hatari zaidi, zinalainisha rangi na hata plastiki, ukijipaka mikononi halafu ukashika kitako alama za vidole zinabaki pale pale unapowekea shavu, kwa hiyo jipake kwa mgongo wa mkono, au futa viganja kwanza.