Fangasi wa kucha kwa mjamzito: "matibabu salama" maana yake nini?

Fangasi wa kucha ni kuvu wanaoota ndani na chini ya ukucha, hasa wa kidole gumba cha mguu. Ukucha hugeuka njano au mweupe, huwa mnene, kisha humung'unyuka. Mara nyingi kuvu hao ndio haohao wanaowasha katikati ya vidole.

Mama, ondoa hofu kwanza: kuvu hao hubaki kwenye ukucha, hawamfikii mtoto tumboni. Kinachoweza kumfikia ni vidonge vya kuua kuvu, kwa kuwa hivyo hupita kwenye damu. Griseofulvini, dawa ya bei nafuu iliyozoeleka kwa mapunye, haitakiwi kabisa wakati wa ujauzito. Itrakonazoli nayo haitolewi kwa ajili ya kucha za mjamzito. Flukonazoli ya miligramu 400 hadi 800 kila siku, katika miezi mitatu ya mwanzo, imehusishwa na kasoro za fuvu, uso na moyo. Terbinafini haijaonyesha madhara ya namna hiyo, lakini kwa kawaida daktari huiahirisha, maana ukucha si jambo la dharura. Kwa hiyo ukifika duka la dawa, taja mimba yako hata kama bado changa na haijaonekana.

Basi "salama" hapa ni kuutunza ukucha huku vidonge vikisubiri. Ukate mfupi, upunguze unene kwa tupa ambayo hakuna mwingine anayeitumia, ukaushe miguu vizuri baada ya kuoga au kutawadha. Klotrimazoli ya kupaka hufaa kwa ngozi ya vidole, ingawa ndani ya ukucha haipenyi vya kutosha. Hina au rangi ya kucha itauficha tu, na muuguzi hataona unavyobadilika.

Kusubiri hakupotezi mengi. Ukucha wa kidole gumba huchukua miezi 12 hadi 18 kuota upya, hivyo hata ungemeza dawa leo, ungejifungua kabla haujapona wote.

Ila mwenye kisukari, kikiwemo cha mimba, asingoje. Vivyo hivyo kidole kikivimba, kikiwa chekundu au kutoa usaha: hapo bakteria wameingia, na hao wana dawa zao ambazo mjamzito anaweza kupewa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukishajifungua na ukataka kuanza vidonge, mwambie daktari kama unanyonyesha, kwani terbinafini hupita kwenye maziwa.