Kwa nini Ford alipandisha ujira maradufu mwaka 1914?

Tarehe 5 Januari 1914, kampuni ya magari ya Ford ilitangaza kwamba mfanyakazi wa kiwanda chake cha Highland Park, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, angeweza kupata dola 5 kwa siku ya saa 8, ilhali hadi wakati huo alikuwa akipata kama dola 2.34 kwa siku ya saa 9. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Henry Ford alitaka wafanyakazi wake wamudu kununua magari waliyoyaunda kwa mikono yao. Ni simulizi tamu, lakini hesabu inaikataa: mwaka huo kampuni iliunda magari zaidi ya 200,000, na kiwanda kilikuwa na watu wapatao 14,000, hivyo hata kama kila mmoja wao angenunua gari, mauzo yasingeongezeka kwa kiasi cha kutajwa.

Sababu yenyewe ilikuwa ndani ya kiwanda. Kabla ya mwaka 1913, chesisi, yaani fremu ya chini, ya gari la Ford liitwalo Model T ilikaa mahali pamoja na mafundi ndio walioizunguka. Mwaka huo ikaanza kukokotwa mbele ya wafanyakazi waliojipanga, kila mmoja na kitendo chake kimoja: huyu anatia bolti, wa pili anaweka nati, wa tatu anaikaza. Muda wa kuunganisha chesisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93 hivi. Kwa mwenye mali huo ulikuwa muujiza. Kwa aliyesimama kazini, ilikuwa ni kurudia kitendo kilekile kutwa nzima, kwa kasi ambayo si yeye aliyeipanga, na pasipo nafasi ya kujivunia kuwa yeye ni fundi wa kitu chochote.

Wengi hawakugoma, waliondoka tu, kwa kuwa jiji jirani la Detroit lilikuwa na viwanda vingine. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na hao 14,000. Katika karakana ya kale fundi asipofika, kazi yake humngoja, lakini katika mpango huu mpya pengo la mtu mmoja huwakwamisha wote wanaomfuata. Dola 5, kwa maoni yangu, zilikuwa bei ya uvumilivu.

Bei hiyo nayo ilikuwa na masharti. Karibu nusu yake haikuhesabiwa kuwa ujira bali mgawo wa faida, na aliyetaka kuupata alipaswa kuwa amefanya kazi miezi 6 na kukubali wakaguzi wa kampuni wamtembelee nyumbani, waulize kuhusu akiba, ulevi, ndoa na usafi. (Bosi kuingia mpaka jikoni!) Wanawake hawakuhesabiwa kabisa mwanzoni.

Hata hivyo watu walikaa. Idadi ya walioacha kazi kwa mwaka, iliyokuwa asilimia 370 ya wafanyakazi wote mwaka 1913, ilikuwa asilimia 16 tu mwaka 1915, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ileile. Siku chache baada ya tangazo, maelfu ya watafuta kazi walifurika langoni katika baridi kali hata wakatawanywa kwa mipira ya maji. Aliyekuwa ndani alijua kwamba akiweka spana chini, wa kuiokota yuko nje anasubiri.